Klabu ya Watumiaji wa Kompyuta: Ufunguo Ukae kwa Nani?

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mwenzetu, mtumishi wa Serikali aliyemaliza kidato cha nne hapa mwaka 1998, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani uliofanyika katika bwalo la shule. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, kwa ombi la wajumbe.)



Katibu aliponiandikia kwamba nizungumze juu ya habari na shughuli za klabu ya watumiaji wa kompyuta, nilimjibu kuwa mimi si mtaalamu wa mitambo. Kazi yangu ni majalada, barua na mihuri, na Mlimani nilisoma uchumi. Katibu akanijibu kwa mstari mmoja tu: "Wewe ndiye uliyeshika ufunguo." Naona wenye kumbukumbu wanacheka. Wasiokumbuka watanielewa kabla sijakaa.

Nitasema mambo matatu. La kwanza, klabu ya namna hii ni kitu gani, na mfano wake mmoja mashuhuri. La pili, yaliyotokea hapa shuleni kwetu, zamani na mwaka huu. La tatu, nitaleta hoja, ambayo naomba tuipigie kura kabla ya chakula, kwa maana sote tunajua kwamba katika bwalo hili, baada ya chakula hakuna hoja.

Klabu iliyojiita kwa jina la pombe

Tuanze na jina. Kwetu ukisema kilabu, watu wengi huwaza mahali pa pombe ya kienyeji. Basi msishangae nikiwaambia kwamba klabu ya kompyuta iliyokuja kuvuma kuliko nyingi duniani ilijiita kwa jina la pombe. Ni Homebrew Computer Club, ya California, Marekani. Neno lile la kwanza, kwa wenyewe, ni pombe iliyopikwa nyumbani, isiyonunuliwa dukani. Walikuwa wanasema kwamba hata kompyuta yaweza kupikwa nyumbani.

Ili tuone uzito wa maneno hayo, yafaa tukumbuke hali ya siku zile. Kompyuta ilikuwa mali ya serikali, ya jeshi, ya benki, ya kampuni kubwa na ya chuo kikuu. Ilikaa katika chumba chenye ubaridi, na wenye ruhusa ya kuingia humo walihesabika. Mtu mwenye kazi ya kukokotoa mara nyingi alipeleka kadi zake zilizotobolewa matundu, akazikabidhi dirishani, akarudi baadaye kuchukua majibu. Kuigusa mashine yenyewe hakukuwa jambo la mtu wa kawaida.

Mwezi wa Januari 1975 gazeti moja la mafundi wa Marekani, Popular Electronics, lilitoa kwenye jalada lake picha ya mashine iitwayo Altair 8800, ya kampuni ndogo ya MITS katika mji wa Albuquerque. Mtu aliweza kuiagiza kwa posta, ikamjia vipande vipande kwa dola 397, akaiunganisha mwenyewe kwa pasi ya kulehemu. Haikuwa na kibodi wala kioo. Mbele yake palikuwa na safu za swichi na taa ndogo nyekundu, basi. Kumbukumbu yake, kama ilivyouzwa, ilikuwa baiti 256, yaani nafasi ya herufi 256, ambazo hazitoshi hata kuandika utambulisho alionifanyia Mwenyekiti sasa hivi. Na ukizima umeme, yote uliyoyaingiza yamepotea.

Siku ya Jumatano, tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao 30 walikutana katika banda la motokaa la mhandisi Gordon French, mjini Menlo Park. Mwenzake katika kuitisha mkutano ule alikuwa Fred Moore, na huyu hakuwa mhandisi hata kidogo. Alikuwa mpigania amani. Mwaka 1959, akiwa mwanafunzi kijana huko Berkeley, alikaa kwenye ngazi za chuo chake akagoma kula, akipinga mafunzo ya lazima ya kijeshi. Nawataja wawili hawa pamoja kwa makusudi. Klabu haikuanzishwa na mafundi peke yao. Ilianzishwa na mtu aliyejua mashine na mtu aliyejua watu.

Usiku ule waliulizana: kompyuta ikikaa nyumbani itafanya kazi gani? Mmoja akataja kuandika na kusahihisha maandishi, mwingine kuendesha mitambo ya joto ya nyumba, mwingine michezo. Hapakuwa na aliyejua kwa yakini. Walichokuwa nacho ni hamu ya kuigusa, na wachache tayari walikuwa wameunda za kwao.

Mwezi uliofuata, mwanachama mmoja aitwaye Steve Dompier alileta Altair yake mkutanoni. Akainama juu ya zile swichi, akaipandisha hii akaishusha ile, muda mrefu, watu wakingoja. Kisha akaweka redio ndogo juu ya mashine. Kompyuta inapofanya kazi hutoa mawimbi ambayo redio huyanasa kama mikwaruzo; sote tunaijua mikwaruzo hiyo simu inapokaa karibu na redio. Dompier alikuwa amegundua kwamba kila amri ina mlio wake, basi akazipanga amri hizo hata redio ikatoa wimbo wa Beatles. Mashine isiyo na spika wala kioo ikaimba. Watu wakasimama wakapiga makofi. Wimbo wenyewe haukuwa na faida yoyote ya uchumi, nami mchumi nakiri hivyo. Lakini siku ile kila mtu mle ndani alitambua kwamba mashine hii humtii yule anayeichezea.

Utaratibu wao

Mkutano ulikuwa kila baada ya majuma mawili. Banda la motokaa likawa dogo, na baada ya kuhamahama wakatulia katika ukumbi wa kituo cha utafiti wa atomi cha Chuo Kikuu cha Stanford, ambako waliohudhuria walifika mamia. Mwongoza mkutano alikuwa mhandisi Lee Felsenstein, aliyesimama mbele na fimbo mkononi akiwanyooshea wasemaji. Sisi tuliosoma hapa fimbo tunaielewa kwa namna nyingine, lakini ile ilikuwa ya kugawa zamu.

Naomba mwusikilize vizuri utaratibu wenyewe, kwa sababu hoja yangu imetoka humo. Mkutano ulikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, mtu alinyosha mkono, akasema kwa kifupi ana nini na anatafuta nini. "Mimi ninacho kijenzi fulani, nimekwama mahali fulani." Basi, anakaa. Mwingine anasimama. Katika sehemu ya pili mkutano ulivunjwa, kila mtu akamwendea yule aliyemsikia ana anachokitaka, wakabadilishana vifaa, michoro na ujuzi, wengine mpaka usiku wa manane. Hakuna aliyeona haya kusema amekwama. Kukwama ndiko kulikokuwa kiingilio.

Pia walikuwa na kijarida chao. Toleo la kwanza lilitoka kabla hata mwezi ule wa Machi haujaisha, likiandikwa na Fred Moore, likaeleza nani alikuja na anashughulika na nini. Na hata hao hawakuwa wa kwanza kuandikiana. Tangu mwaka 1966 Mmarekani mwingine, Stephen Gray, alikuwa na chama cha wapenda kompyuta ambacho kiliishi kwa kijarida, wanachama wakiwa mbali mbali kila mmoja na mji wake. Nalisema hili kwa ajili yetu sisi ambao uhamisho umetutupa Tunduru na Ngara. Umbali si udhuru.

Mle bandani usiku wa kwanza alikuwamo kijana wa miaka 24, mwenye haya nyingi, mwajiriwa wa kampuni ya Hewlett-Packard. Jina lake Steve Wozniak. Alirudi nyumbani na karatasi moja ya maelezo ya prosesa aliyopewa mkutanoni, akaisoma, na mawazo yakamjia. Prosesa ya Intel iliyokuwa ndani ya Altair ilikuwa ghali kwake. Akachagua nyingine, 6502 ya kampuni ya MOS, iliyouzwa kwa dola zipatazo 25. Akaunda mashine yenye kibodi na yenye kuonyesha maandishi kwenye televisheni. Alipomaliza alifanya nini? Alitoa nakala za mchoro wake akawagawia wenzake klabuni bure. Rafiki yake Steve Jobs ndiye aliyeona kwamba wangeweza kuuza mbao za mashine hiyo, na tarehe 1 Aprili 1976 wakaanzisha kampuni ya Apple. Mashine ile ya kwanza iliuzwa dola 666 na senti 66. Yaliyofuata mnayajua, wengine mnayo mifukoni.

Yasemwe na ya kasoro

Ndugu Mwenyekiti, nisingekuwa mkweli kama ningesifu tu. Ile Altair ilikuwa na lugha ya kuandikia programu, BASIC, iliyoandikwa na vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, kwa msaada wa mwenzao Monte Davidoff. Mwezi wa Juni 1975, katika maonyesho hotelini mjini Palo Alto, utepe wa karatasi wenye programu hiyo ulichukuliwa na mtu kabla haujaanza kuuzwa rasmi. Mwanachama mmoja akaunakili, na klabuni zikagawiwa nakala kwa sharti moja: ukichukua mmoja, ulete miwili. Gates aliandika barua ya wazi kwa wapenda kompyuta, ya tarehe 3 Februari 1976, akilalamika kwamba wenye Altair walioinunua BASIC hawafiki asilimia 10, na kwamba malipo yaliyowafikia waandishi wake, ukiyagawanya kwa saa walizofanya kazi, hayafiki dola 2 kwa saa.

Nani alikuwa na haki? Wozniak aligawa mchoro wake mwenyewe. Huo ni ukarimu. Waliogawa utepe wa Gates waligawa cha mwenzao. Ukarimu wa mali ya jirani tunaujua jina lake. Klabu yoyote isiyotofautisha mambo haya mawili itawafundisha vijana wizi kwa jina la ushirika. Lakini pia tusisahau kwamba sharti lile la "chukua mmoja, lete miwili", likitumika kwa kitu chenye ruhusa, ni sharti zuri sana.

Kijarida chao kilikoma mwaka 1977, na mikutano ikaisha mwaka 1986. Haikufa kwa ugomvi. Kazi iliyoitiwa ilikuwa imekwisha: mashine ilikuwa imetoka katika chumba cha wenye ruhusa.

Na sisi je?

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, mashine ya Kiingereza iitwayo ICT 1500. Kwa hiyo hatukuchelewa kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mimi ni mtumishi wa Serikali na sina nia ya kuwahukumu wakubwa wa wakati ule: fedha za kigeni zilikuwa adimu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na mashine zenyewe zilikwisha kuitia hasara Hazina. Lakini zitazameni tarehe hizo. Sisi tulifunga mlango mwaka 1974. Mwaka uliofuata, watu 30 walikuwa wamekaa sakafuni katika banda la motokaa.

Mlango ule ulikuja kufunguliwa. Mwezi wa Desemba 2004, mwaka niliomaliza mimi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandika barua na kupiga hesabu ambazo maneno yake yote ni ya Kiswahili. Nazo zilikuwa za bure na halali: mwenye nazo aliruhusiwa kumnakilia jirani bila kumwibia mtu. Tusiseme basi kwamba mambo haya ni ya California tu. Mlango wa Taifa umefunguka zamani. Ninaotaka kuuzungumzia ni mlango wa stoo iliyoko nyuma ya jukwaa hili.

Ufunguo wa mwaka 1998

Wenzangu wa kidato kimoja wanakumbuka kwamba mwaka 1998 shule ililetewa kompyuta moja na mfadhili. Tulipigiwa paredi, ikaonyeshwa kwa mbali, tukapiga makofi, ikafunikwa kitambaa cha maua na kuingizwa stoo. Mimi nilikuwa kiranja wa taaluma. Nikapewa ufunguo na agizo: asiingie mtu mpaka apatikane mwalimu wa kompyuta. Ufunguo ule niliufunga kwenye kamba ya kiatu nikauvaa shingoni. Sitawaficha, niliuonea fahari.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa fundi redio. Alinijia, akaniomba kwa adabu aingie dakika tano. Nikamwuliza unataka kuandika nini, akasema hataki kuandika kitu. Anataka kuona nyuma yake, fyuzi yake ni ya ampea ngapi. Nikamfukuza. Akarudi juma la pili, nikamfukuza. Aliporudi mara ya tatu nilimpeleka kwa mwalimu wa zamu kwa kosa la usumbufu, akafyeka majani nyuma ya jiko siku tatu. Mimi nikaenda prepu nikiamini nimelinda mali ya umma.

Mwalimu wa kompyuta hakupatikana mwaka ule wala uliofuata. Stoo ilipofunguliwa, panya walikuwa wamezalia ndani ya mashine. Walikuwa wamekula nyaya, na kitambaa cha maua wamefanya matandiko. Kompyuta yetu ya kwanza ilikufa bila hata mwanafunzi mmoja kubonyeza herufi moja. Haikuibiwa, haikuvunjwa, haikuchafuliwa. Kwa hesabu za stoo, ilitunzwa vizuri kabisa.

Mashine kumi na mbili

Mwaka 2017 chama chetu hiki kilichanga kikanunua kompyuta 12. Mlipiga picha nazo, mimi pia nimo. Mwaka jana Kamati ilinituma nije nizikague kabla hatujachanga tena. Nilikuta chumba chenye nondo madirishani, makufuli mawili, na mashine 4 zinazowaka. Mashine 8 zilikuwa zimeandikiwa MBOVU kwa chaki. Tayari nilikuwa nimeanza kuandika taarifa ya kuomba nyingine 20.

Nikashauriwa nitafute kwanza fundi mjini. Akaja mtu mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu sokoni. Nilimtambua alipoinama kutazama nyuma ya mashine ya kwanza. Naye alikwisha kunitambua mlangoni, lakini hakusema neno.

Alifanya kazi toka asubuhi hadi saa kumi, na mimi nikamshikia tochi. Sikilizeni matokeo. Mashine 3 zilikuwa zimekwisha betri ile ndogo ya saa iliyomo ndani, mfano wa sarafu, ambayo bei yake hailingani hata na nauli niliyotumia kuja. Mashine 2 vipande vyake vya kumbukumbu vilishika uchafu. Alivichomoa, akavisugua kwa kifutio cha penseli alichomwomba mwanafunzi, akavirudisha, zikawaka. Moja feni yake ilikuwa imesakamwa na vumbi. Moja ilikuwa imeungua kifaa cha kuingizia umeme, na ya mwisho ilikuwa imekufa moyo kabisa. Akachukua kifaa cha umeme cha hiyo maiti akampa mgonjwa. Jioni tulikuwa na mashine 11 zinazofanya kazi. Taarifa yangu ya kuomba 20 niliichana.

Alipokuwa akifunga mkoba wake ndipo akaniuliza, kwa upole tu, bila kisasi: "Kiranja, ufunguo siku hizi anao nani?"

Ndugu zangu, mimi nimewahi kujibu maswali ya wakaguzi wa hesabu. Swali lile sikuwa na jibu lake. Mtu huyo amekaa leo katika safu ya nne, na amenikataza kumtaja jina. Nasema mbele yenu nyote: ndugu yangu, nilikukosea. Ulikuja na swali la fyuzi, nikakujibu kwa fyekeo. Kama ningekufungulia dakika tano zile, pengine ungeliona na tundu walimopitia panya.

Habari za klabu

Toka Februari mwaka huu, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, tumejaribu. Klabu inakutana Jumamosi moja na kuacha moja, baada ya usafi. Siku ya kwanza walikuja vijana 9. Sasa hawapungui 40, na benchi tunaazima bwaloni. Tunafuata utaratibu ule ule wa sehemu mbili: kwanza kila mtu aseme ana nini na amekwama wapi, halafu watu watawanyike watafutane. Yule bwana wa safu ya nne huja bila malipo, isipokuwa chai. Ile mashine iliyokufa tumeiweka mezani iwe ya kufungulia na kufungia, na kijana wa kidato cha kwanza sasa anaweza kuifungua yote na kuirudisha bila kubakiza skrubu.

Kazi zilizofanyika: wameandika orodha yote ya vitabu vya maktaba. Wakagundua vitabu 63 havijarudishwa, na majina ya walioviazima wanayo. Naona baadhi ya waheshimiwa wanatazama dari. Vilevile wametoa kijarida cha ukurasa mmoja kila mwezi, kinachobandikwa mlangoni: nani amejifunza nini, mashine ipi inaumwa nini.

Na hasara zilizopatikana nazisema pia. Kijana mmoja alichomeka waya usipostahili akaunguza kibodi. Virusi viliingia mara mbili kwa njia ya vifaa vya kubebea kumbukumbu kutoka mjini. Na kifaa kimoja cha namna hiyo kimepotea. Hayo ndiyo yote kwa miezi yote tuliyokutana. Linganisheni na hasara ya makufuli mawili: mashine 8 kati ya 12.

Hoja

Najua Kamati ina pendekezo lake mezani: mchango mpya, kompyuta 20, chumba kiongezewe nondo, na waruhusiwe wenye mtihani wa kompyuta peke yao. Waliopendekeza ni wazee ninaowaheshimu, na hofu yao ni ya kweli, kwa kuwa wezi wapo. Sipingi nondo za dirishani. Ninachopinga ni kuhesabu kwamba kitu kimetunzwa kwa sababu tu hakijaguswa. Mashine ya namna hii huharibiwa na vumbi, unyevu, panya na kusahauliwa kuliko inavyoharibiwa na mikono ya watoto. Mwenye kuiona kila Jumamosi ndiye atakayejua mapema kwamba inaumwa.

Kwa hiyo naleta mambo manne. Kwanza, ufunguo ukae kwa wanafunzi wawili waliochaguliwa na klabu yenyewe, wa vidato mbalimbali, pamoja na mwalimu mlezi. Wabadilishwe kila muhula, asipate mtu nafasi ya kuuonea fahari kama nilivyofanya mimi. Pili, liwekwe daftari la hitilafu, na atakayeandika mwenyewe kosa lake asiadhibiwe. Aliyeunguza kibodi alikuja kusema saa ile ile, na sasa yeye ndiye anayewafundisha wageni waya upi unaingia wapi. Tatu, mchango wa mwaka huu tununue mashine 10 badala ya 20, na fedha inayobaki iwe ya betri, feni, vifaa vya umeme, pasi za kulehemu na bisibisi. Nne, kila mmoja wetu aliye mbali aiandikie klabu walau mara moja kwa mwaka, aseme ana nini na amekwama wapi. Msione haya. Mimi mwenyewe nimefundishwa kupanga hesabu za ofisi yangu kwa kompyuta na kijana wa kidato cha tatu, na ameniambia niko taratibu.

Mkizikubali hoja hizi, sina la zaidi. Mkizikataa, nitachanga kama wengine na nitapiga picha na mashine 20. Lakini naomba siku ile asimamishwe mbele mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, aulizwe kama aliwahi kuona nyuma yake.

Ufunguo wenyewe ninao hapa. Wa stoo ile ya zamani. Niliondoka nao mwaka 1998, na kamba yake ya kiatu. Nilikusudia kumrudishia Mkuu wa Shule, lakini nadhani anayestahili kuupokea yuko safu ya nne.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.

(Hoja iliungwa mkono na wajumbe wa madarasa matatu, ikajadiliwa muda wa saa moja na nusu, ikapita. Chakula kilichelewa. Vitabu 4 kati ya 63 vimekwisha kurudishwa. Mhariri.)